Vita Havina Shahidi

Siku yangu ya kwanza katika upelelezi niliimalizia mlangoni. Duka la vitenge lilikuwa limevunjwa karibu na soko, hapa mjini Nyamagana, na Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, mzee mwembamba asiyepaza sauti, aliniweka kizingitini akaniambia, "Binti, asiingie mtu. Hata nzi akija, mwulize anakwenda wapi." Nikasimama. Mwenye duka akaja analia, nikamzuia. Akaja diwani, nikamzuia. Kisha akaja mheshimiwa mmoja mwenye gari na dereva, akaniuliza kama namjua yeye ni nani. Nikamjibu kwamba simjui, ila kiatu chake nakijua, maana ameshakikanyagisha kwenye vumbi tulilotaka kulipima.

Nilidhani ajira yangu imeishia hapo. Mzee akatoka ndani, akampa mheshimiwa shikamoo safi, kisha akamwambia kwa upole, "Huyu nimemtuma mimi. Ukiingia, mheshimiwa, nitalazimika kuziandika nyayo zako pamoja na za mwizi." Mheshimiwa akakumbuka kwamba ana kikao mahali.

Naanza na hilo ili ninyi vijana mnaoanza kazi mjue kwamba tulifundishwa mapema. Mahali uhalifu ulipofanyika tunapaita eneo la tukio, na sheria yake ya kwanza ni kwamba hapaingiwi ovyo. Kitu chochote tunachookota pale ni kielelezo, na kila kielelezo kina safari yake: nani alikiokota, alimkabidhi nani, kikalala wapi, kikafikaje mbele ya hakimu. Safari hiyo ikikatika hata mara moja tu, wakili wa mshtakiwa hana haja ya kutoa jasho. Atauliza swali moja, atakaa chini, na mtu wako ataondoka mahakamani anapiga mluzi.

Kutoka Nyamagana nilipelekwa Misungwi, na huko nilikuta watu wanaoijua kazi hii bila kupita chuo chochote cha polisi. Misungwi kesi zilikuwa za ng'ombe. Ng'ombe wakiibwa, linapigwa yowe, Wasukuma tunaliita mwano, na kila mwanamume mwenye miguu anatoka na rungu lake. Kwa macho ya mgeni ile ni vita. Lakini tazama wanachofanya baada ya hapo. Wazee wa sungusungu, yaani walinzi wa jadi, wanawapanga watu pembeni, kushoto na kulia, njia ya kati inaachwa wazi kwa ajili ya nyayo za ng'ombe. Wanazifuata hadi mpaka wa kijiji cha pili. Hapo wanasimama. Hawavamii. Wanawaita wazee wa kijiji kile na kuwakabidhi nyayo: "Hizi hapa, zimeingia kwenu." Wale wanazipokea, wanazifuata ndani ya ardhi yao mpaka waonyeshe zilikotokea upande mwingine. Anayepokea nyayo haitwi mwizi. Anaitwa jirani, na anapewa heshima ya kusaidia. Mkuu wangu wa kituo pale Misungwi alikuwa akisema, "Kabula, hawa wanatunza kielelezo kizuri kuliko sisi, tofauti ni kwamba hawana mhuri."

Sasa nimestaafu, naishi Pasiansi, na majirani wanajua nilikofanya kazi. Kila taarifa ya habari ikitaja bomu au watu wenye silaha mahali fulani duniani, lazima mmoja aje barazani kwangu. "Afande mama, hii ni vita au ni uhalifu?" Na kabla sijameza mate anajijibu mwenyewe, "Mimi naona ni vita, wapigwe tu." Nimechoka kwa kweli. Nimelijibu swali hilo mpaka mdomo umekauka, kwa hiyo naliandika hapa, atakayeuliza tena nitampa karatasi asome.

Nilikuwa nimeshapanda kuwa mkaguzi, nimerudishwa ofisi ya mkoa, wakati lilipotokea la Nyabulele. Nyabulele ni kijiji cha ufukweni, nyuma yake kuna milima ya mawe kama ilivyo kwetu kote, na watu wake wanaishi kwa dagaa na mihogo. Kulikuwa na mwendesha mtumbwi mmoja anaitwa Bwire, Mjita aliyehamia zamani, mtu wa maneno machache. Siku hiyo alikodiwa upande wa pili wa ghuba na wanaume wanne waliojiita wanunuzi wa dagaa. Akawavusha mchana kweupe. Walipofika walimwambia asubiri. Wakapanda hadi ofisi ya kata, wakamwua mgambo wa zamu, Masanja, wakachukua bunduki zilizokuwa zimehifadhiwa pale, na mlangoni wakapigilia kitambaa chenye maandishi kwamba wao ni askari na vita vimeanza.

Bwire aliposikia milio alisukuma mtumbwi akaondoka. Aliwaacha nchi kavu bila usafiri. Ninyi mnaosoma, naomba mlishike hilo: yule mtu aliwakatia wauaji njia ya kutoroka, na asubuhi yake alirudi kwa hiari yake, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji akasema, "Niliyewaleta ni mimi. Nyuso zao nazijua. Niitieni polisi."

Nilipofika Nyabulele nilikuta jambo ambalo sijapata kuliona tena. Mzee Luhende, kiongozi wa sungusungu wa pale, alikuwa mzaliwa wa Misungwi. Baada ya yowe alikuwa amewazuia watu wasikanyage mchanga, kisha akawaomba akina mama vyombo. Kila unyayo wa wale watu ulikuwa umefunikwa: beseni jekundu, beseni la maua, ungo, sufuria lililotoboka, vyote vimewekewa jiwe juu visipeperushwe na upepo wa ziwa. Mstari wa vyombo ulianzia ofisi ya kata ukaenda mpaka kwenye miamba. Minza, mjane wa Masanja, naye alikuwa ametoa beseni lake, lile la kumwogeshea mtoto. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi mbele ya msiba. Nikamwambia kijana wangu achanganye plasta ya kuchukulia alama, tuanze na beseni la kwanza.

Ndipo yakaja magari.

Kamanda wa Operesheni alikuwa ametumwa kutoka makao makuu na kikosi maalumu. Magari yake hayakufuata barabara, yalifuata ufukwe. Mzee Luhende alisimama mbele amenyoosha mikono yote miwili, anapiga kelele, "Nyayo! Nyayo!" Askari mmoja akashuka akamsogeza kando kama anavyosogezwa mbuzi. Mabeseni yalipasuka moja baada ya jingine. Nilikimbia huku nikipunga kofia yangu ya kazi, na dereva wa gari la mwisho akanipungia mkono naye, akidhani nawakaribisha.

Nilimkuta Kamanda katika darasa la shule ya msingi, ameshatandaza ramani juu ya meza ya mwalimu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya gwaride.

"Afande," nikasema, "magari yako yamepita juu ya eneo langu la tukio."

"Hakuna eneo la tukio hapa, Mkaguzi. Hapa ni uwanja wa mapambano."

"Mapambano yalikwisha jana. Waliopigana wameondoka. Kilichobaki ni kumjua nani aliua."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko kama angenifokea. "Mama, mwizi anaiba ale. Hawa wanaua ili mimi na wewe tuogope. Nimezika vijana wangu waliokwenda kumkamata mtu wa namna hii huku wameshika hati ya mahakama. Utamfungulia jalada mtu asiyeogopa kufa?"

Sitaki mdhani alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga, na vijana aliowazika walikuwa wa kweli. Mtu mwenye bunduki humkamati kwa kumpigia hodi, hilo hata sisi wa majalada tunalijua, ndiyo maana na sisi tuna bunduki. Lakini risasi zikishanyamaza, kuna kazi inayoanza, na kazi hiyo ndiyo aliyokuwa akiifuta kwa matairi.

"Afande, kama haogopi kufa, ukimwua umempa alichotaka," nikamjibu. "Na ukimwita adui wa vita umemwongezea cheo. Ameandika mwenyewe mlangoni kwamba yeye ni askari. Na wewe unampigia saluti?"

Kamanda akakunja ramani taratibu. "Toka, Mkaguzi, kabla sijasahau kwamba umenizidi umri."

Nikatoka. Nje nikaambiwa kwamba Bwire amechukuliwa.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji akinisubiri mimi. Mwenyekiti alikuwa amemwambia kwamba mpelelezi anakuja kuchukua maelezo yake. Badala yake wakaja watu wa operesheni, wakauliza nani aliwaleta wale wauaji, na Bwire, kwa kuwa hakuwa na la kuficha, akanyoosha mkono. Wakamfunga kitambaa usoni. Injini ya mtumbwi nayo wakaipakia. Mkewe, Nyangeta, alikimbia nyuma ya gari mpaka viatu vikamvuka.

Katika kesi ya jinai mtu akikamatwa anaandikwa, anapewa sababu, ndugu wanaambiwa alipo, na siku zake za kukaa bila kufikishwa mahakamani zinahesabika. Huyu alichukuliwa kivita, kwa hiyo hakuandikwa popote. Nilizunguka kituo kwa kituo. Kila mmoja aliniambia, "Kwetu hayupo, afande." Nilimwendea bosi wangu, Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, mtu mwema aliyekuwa anasubiri kupandishwa cheo na kwa hiyo hakutaka kupumua kwa nguvu.

"Mkuu, yule ni shahidi. Tena ndiye pekee."

"Najua, Kabula."

"Sasa?"

"Subiri upepo upite."

"Upepo unapita juu ya mtu, mkuu."

Akaanza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

Operesheni ilichoma vibanda vya wavuvi kwa maelezo kwamba adui huenda akajificha humo. Ilikamata vijana wenye kanzu, kisha vijana wageni, kisha vijana tu. Kwenye miamba ikawaua wawili kati ya wale wanne, na maganda ya risasi ya kule juu yakatiwa ndani ya mfuko mmoja wa rambo pamoja na yale yaliyookotwa alipofia Masanja, ukafungwa fundo, nikaletewa mezani. "Mkaguzi, vielelezo vyako hivyo." Nililia, na sioni haya kusema. Nani angejua tena lipi lilimwua nani? Na pale kijijini, ambako siku ya kwanza kila mtu alikuwa na la kunieleza, sasa nikipita wanafunga milango. Hata Mzee Luhende alinijibu salamu akiwa amegeuka upande. Kisha tangazo likatoka kwamba Nyabulele imekombolewa, kana kwamba ilikuwa imetekwa, na kikosi kikaondoka na magari yake.

Aliyekuja kumkamata kiongozi wa wale wanne hakuwa wa operesheni. Alikuwa askari wa usalama barabarani, binti mmoja mkali, aliyesimamisha bodaboda kwa sababu abiria hakuvaa kofia ngumu. Abiria akatoa kitambulisho ambacho picha yake ilikuwa ya mtu mwingine. Binti akamwambia shuka. Ndivyo alivyoshuka. Alipohojiwa alitaja jina moja tu alilojipa, akasema yeye ni askari wa vita, maneno yale yale ya kitambaani, hana la kujibu kwa polisi, na baada ya hapo akafunga mdomo. Hakuwa na bunduki. Kumfungulia kesi ya kitambulisho cha bandia tuliweza. Kumhusisha na Masanja hatukuweza.

Wakili wa Serikali aliyepewa jalada alilifungua, akalifunga, akanitazama. "Nyayo?"

"Zilikanyagwa."

"Maganda?"

"Yamechanganywa."

"Mkaguzi, nipatie mtu mmoja aliyemwona Nyabulele kwa macho yake. La sivyo huyu anatoka kwa kosa la kitambulisho."

"Mtu huyo mnaye," nikamwambia. "Mmemfungia wenyewe, nami sijui wapi."

Simu zilipigwa, nadhani za kuumiza masikio. Si muda mrefu Bwire akaachwa kituo cha mabasi na nauli ya kufika kwake. Hakuna aliyemwambia kwa nini alichukuliwa wala kwa nini ameachwa. Nilimfuata Nyabulele. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba anashona wavu ambao hakuwa na injini ya kuupeleka majini. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena, ikabidi nihamie kulia.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Afande," akasema, "mimi nimeambiwa ni adui. Nimeambiwa kila siku, mpaka nikakubali. Adui anatoa ushahidi?"

Nikaeleza tena. Akaendelea kushona. Nyangeta akaniambia kwa adabu niende zangu, mume wake apumzike.

Wa kumbembeleza hakuwa mimi. Alikuwa Minza. Nilipomweleza kwamba bila Bwire yule mtu atatoka, alimfunga mtoto mgongoni, akasema, "Twende." Tulipofika hakukaa uani. Alisimama pale mpaka wa kiwanja chao ulipo, kwenye mkonge, akaita. Bwire akainua kichwa.

"Baba Magesa," Minza akasema, "sijaja kukulaumu. Nimefuata nyayo za waliomwua mume wangu. Zimetoka majini, zimepita kwenye mtumbwi wako. Zimeingia kwako. Mimi nakukabidhi hapa mpakani. Nakuomba uzipokee, unionyeshe zilikotokea."

Bwire hakuwa Msukuma, lakini amekaa na Wasukuma vya kutosha kujua alichoambiwa. Aliitwa jirani. Tangu achukuliwe hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Akaweka wavu chini, akaja mpaka kwenye mkonge, wakatazamana.

"Atakayeniuliza ni nani?" akaniuliza mimi. "Ni wale?"

"Ni jaji. Na mawakili."

"Wananifunga kitambaa?"

"Hawakufungi kitu. Unakaa, unapewa maji, unasema ulichokiona."

"Nikimaliza kusema, narudi nyumbani?"

Jamani, mtu aliyetenda wema anauliza hivyo! "Nitakurudisha mimi mwenyewe," nikamwambia.

"Basi nimezipokea," akamwambia Minza.

Mnadhani wakubwa sasa walitulia? Kesho yake tu nikapigiwa simu, tena na msaidizi wa Kamanda, kwamba ili kumsaidia shahidi asikosee, aonyeshwe picha ya mshtakiwa kabla ya gwaride la utambulisho. Gwaride hilo ni mstari wa watu wanaofanana umbo na umri, mshtakiwa akiwa kati yao, na shahidi anaombwa amguse aliyemwona. Ukimwonyesha picha kabla, umeliua. Nilimwambia yule kijana kwamba akileta picha nitamfungulia jalada yeye. Bwire aliingia peke yake, akapita mbele ya mstari mara moja, akarudi, akamgusa bega mtu wa nne. Mtu huyo hakupepesa macho.

Mahakamani yule mtu aliendelea na dai lake la uaskari. Aligoma kujibu shtaka, akisema yeye ni mateka wa vita na mahakama hii haimhusu. Wakili aliyepangiwa kumtetea alifanya kazi yake vizuri, sina kinyongo naye. Nilipokuwa kwenye kizimba cha mashahidi aliniuliza kuhusu nyayo, nikamjibu. Akaniuliza kuhusu mfuko wa rambo, nikamjibu, na watu wakacheka. Kamanda alikuwa amekaa safu ya mbele na sare zake, ameukunja uso. Mshtakiwa alipotamka tena neno mateka, nilimsikia Kamanda akinong'ona kwa hasira, "Mateka gani, mhalifu tu wewe!" Niligeuka nikamtazama. Nilitamani anong'one tena kwa sauti, jaji asikie, na ramani yake isikie.

Kisha akaitwa Bwire. Alitoa ushahidi kwa sauti ndogo, sikio la kulia limeelekezwa kwa jaji. Wakili wa utetezi akambana: ziwani kuna jua, kuna maji yanayoruka, abiria walikuwa wanne, aliwezaje kumkariri mmoja?

"Huyu nilimshika mkanda," Bwire akasema.

"Kwa nini umshike mkanda?"

"Alikuwa anatapika. Mawimbi yalimshinda. Alitapika tangu tunaondoka mpaka tunafika, nikaogopa ataanguka majini, nikamshika mkanda kwa mkono mmoja, injini kwa mkono mwingine. Nikampa na koti langu."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwingine akacheka. Na yule mtu, ambaye alikuwa hajasema neno la maana tangu akamatwe, ambaye hakuvunjwa na vitisho wala na njaa, akasimama akashika ukingo wa kizimba.

"Mwongo!" akapaza sauti. "Nilitapika mara moja tu!"

Wakili wake akashusha kalamu, akajishika paji la uso. Jaji akaandika, na sote tukasubiri amalize kuandika. Mshtakiwa alibaki amesimama, mdomo wazi, akitazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Minza alikuwa kando yangu.

"Ndiye huyu?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Ndiye."

Akamtazama kwa muda mrefu. "Kumbe ni mtu tu," akasema. Kila usiku tangu msiba, aliniambia baadaye, alikuwa akiota kitu kisicho na uso.

Hukumu ilipotoka jaji alieleza kwa uangalifu uzito alioutoa kwa gwaride, kwa ushahidi wa Bwire na kwa maneno ya mshtakiwa mwenyewe. Akamtia hatiani kwa ugaidi na kwa kumwua Masanja, akalitaja jina la Masanja lote, la ukoo pia. Hakumwita adui. Alimwita mshtakiwa, kisha mfungwa. Nilimrudisha Bwire nyumbani kama nilivyoahidi.

Hilo ndilo jibu langu kwa majirani wa Pasiansi. Vita havina shahidi, vina upande wetu na upande wao, na mtu kama Bwire hana pa kusimama. Najua atakuja mmoja aseme, lakini afande mama, si mlishinda? Tulishinda kwa matapishi, ndugu yangu. Tungeweza kushinda kwa plasta, kwa maganda, kwa mashahidi wa kijiji kizima, na wale wengine watatu tukawajua walikotoka. Wawili wamezikwa na siri zao na mmoja hajulikani alipo hadi leo.

Nilipostaafu waliniandalia tafrija ya kuniaga katika bwalo la polisi. Pilau, soda, zulia jekundu lililoazimwa. Kamanda wa Operesheni, akiwa na cheo kikubwa zaidi, alikuwa mgeni rasmi, na katika hotuba yake alisimulia vita vya Nyabulele na jinsi tulivyovishinda bega kwa bega. Nilitabasamu kwa ajili ya picha. Nilikuwa nimewaalika Minza na Mzee Luhende, na Bwire na mkewe nao walikuja, wameleta sangara waliokaushwa kama zawadi yangu. Bwire alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Walikaa karibu na mlango.

Baada ya hotuba nikamwonyesha Kamanda kwa mkono. "Yule pale ndiye Bwire." Nilitaka amwombe radhi, na namshukuru Mungu kwamba angalau alinyanyuka. Alivuka bwalo na medali zake, amenyoosha mkono, anatabasamu. "Shujaa wetu huyo!"

Bwire aliona sare tu. Akasimama, akageukia ukuta, akainua mikono yote miwili akaibandika ukutani, akatanua miguu, akainamisha kichwa.

Kamanda akacheka. "Mzee ana utani huyu!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Muziki ulikuwa ukiendelea. Nyangeta akaweka sahani yake chini, akamfuata mumewe, akaushika mkono wa kulia akaushusha, kisha wa kushoto akaushusha. Akamsogelea sikio linalosikia.

"Baba Magesa," akamwambia, "tupo kwenye sherehe."